Axio haibridi juu ya platifomu ya Vitz: itahimili kazi ya spesho?

Spesho_Ntinda

Wazee na ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni dereva wa spesho, yaani teksi ya kukodi, stegi yangu iko Ntinda, Kampala. Nilizaliwa kambini Bombo, kwa hiyo Kiswahili changu kikitoka na harufu ya jeshi mnisamehe.

Nina Premio ya 2003. Nimeiendesha miaka kumi na moja na imenisomeshea watoto wawili, siwezi kuitukana. Lakini jioni, kutoka Kitgum House hadi taa za Nakawa, inakunywa petroli kama mtu aliyetoka kufunga. Lita moja inanifikisha kilomita nane, siku nzuri tisa, na bei ya petroli mnaijua, elfu tano na ushee. Mwisho wa siku nahesabu noti za stesheni ya petroli kwanza, ndipo nahesabu zangu.

Premio kama hiyo siwezi kuileta tena hata nikitaka, maana sheria ya 2018 ilifunga mlango kwa gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe. Basi nikaenda bondi moja, yadi ya magari yaliyoagizwa nje, huko Nakawa. Nikaoneshwa Toyota Corolla Axio haibridi, ile ya injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ya 2015, nyeupe, milioni 43, na kijana wa pale akaninong'oneza kwamba tukielewana anashusha. Nikaiwasha, kimya. Nikadhani haijawaka. Yule kijana akacheka, akasema, "Mzee, imewaka, kanyaga." Ikatambaa kwenye kokoto bila sauti, nikasikia kokoto zenyewe tu. Nilirudi nyumbani nimeshaamua.

Tatizo ni shemeji yangu. Ana gereji, na usiku ule alikuja kula kwangu akaniharibia usingizi. Anasema hiyo siyo Corolla, ni Vitz iliyorefushwa. Chini ni platifomu ndogo ile ile, yaani sakafu ya gari, injini asili yake ni Prius ya 1997, halafu juu yake wamerundika betri na mota. Kwa maneno yake, "wamechukua kitanda cha mtoto, wakaweka godoro la watu wazima, na mama mkwe naye akaja kulala." Anasema kwa barabara zetu, na abiria wanne na mizigo ya uwanja wa Entebbe, itakatika kiuno ndani ya miaka miwili.

Sasa nauliza wanaojua. Ni kweli kwamba platifomu ikishazeeka haifai kubebeshwa saluni mpya na mambo ya haibridi? Au shemeji anataka tu niendelee kumpelekea ile Premio kila Jumamosi? Na la pili, mke wangu ana shamba la viazi Kapchorwa kwao, buti la mizigo ni lazima liwe buti. Betri haijala buti?

Mzee_wa_Benzi

Shemeji yako ana akili. Gari jipya juu ya chini ya zamani ni bibi aliyevalishwa gauni la harusi. Utapendeza kwenye picha, lakini kucheza muziki hapana. Mimi nina Benzi ya 1994 ya dizeli, haina hata kompyuta, inakwenda Mbarara na kurudi. Haibridi ni simu yenye magurudumu. Betri ikifa unatupa gari.

Fundi_Nakivubo

Spesho, mdogo wangu, mimi niko soko la vipuri la Kisekka tangu enzi za kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Nimefungua hizo Axio, Fielder na Aqua nyingi kuliko nilivyofungua vitabu. Shemeji yako amesema kweli katika kila neno, halafu akafika mahali pasipo pake.

Kwanza hilo neno platifomu, maana hapa sokoni watu wanalichanganya na chasisi. Chasisi ni ya lori, mihimili miwili ya chuma unayoweza kuivua bodi ukaiona. Saluni haina kitu hicho. Platifomu ni sakafu, ni ukuta ulio kati ya injini na miguu yako, ni matundu ya kufungia wishboni, ile mikono inayoshika magurudumu, na shokapu, ni stelingi inapolala na tangi linapokaa. Mwenye kiwanda akishalipia vitu hivyo, hataki kuviona vikitupwa. Anashona nguo nyingine juu yake, na nyingine, hadi pesa yake irudi mara kumi.

Axio hiyo umbo lake lilitoka 2012, na ni kweli waliiweka juu ya platifomu ya akina Vitz. Tena ni fupi kuliko Axio iliyoitangulia kwa sentimita tano. Kwa nini watu wazima waamue kupunguza gari? Kwa sababu Japani gari likizidi upana wa mita 1.7 linahamia kundi lingine la usajili, na mitaa yao mingine ni myembamba kama vichochoro vya Kikuubo. Axio ina upana wa milimita 1,695. Pima kwa futi ya fundi cherehani ukitaka. Platifomu ndogo iliwafaa kwa hilo, umaskini haumo.

Sasa betri. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nundu yake. Ni kweli, lakini nundu ya kuzaliwa nayo. Nundu ya kushonewa ni habari nyingine, na hapo ndipo pa kuuliza swali lako. Usiulize platifomu ina miaka mingapi. Uliza betri wameiweka wapi, na hapo mahali palikuwa na nini kabla.

Angalia. Aqua ilitoka mwishoni mwa 2011, nayo ni mtoto wa platifomu hiyo hiyo, na Aqua haijawahi kuwa kitu kingine isipokuwa haibridi. Kwa hiyo walipokuja kutoa Axio na Fielder za haibridi, Agosti 2013, mahali pa betri palikuwa pameshapatikana: chini ya kiti cha nyuma. Hawakukata buti. Inua kiti utaona sanduku limelala pale kama kuku anayeatamia. Ndani yake mna moduli 20, yaani betri ndogo zilizopangwa pamoja, kila moja ni volti 7.2, jumla 144. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28, na betri yake imekaa nyuma huko kwenye sakafu ya buti. Sasa ukitaka kuona nundu ya kushonewa, tafuta Camry haibridi ya kabla ya 2017. Gari kubwa, zuri, lakini betri imesimama nyuma ya kiti cha abiria na buti limebaki nusu. Walipobadilisha platifomu 2017 ndipo betri ikashuka chini ya kiti. Civic haibridi ya 2006 vivyo hivyo, betri nyuma ya kiti, na kiti hakikunjiki. Kwa hiyo usifikiri saluni kubwa ndiyo inayobeba vizuri. Hapa mdogo ameshinda mkubwa.

Uzito? Axio haibridi inaizidi ile ya petroli tupu ya injini hiyo hiyo ya 1.5 kwa uzito wa abiria mmoja tu, tena mwembamba. Mama mkwe wa shemeji yako hajafika.

Injini ya 1997, kweli. Prius ya kwanza ilitoka Desemba 1997 na injini hii, 1NZ-FXE. Lakini mdogo wangu, wewe ni mtu wa biashara, fikiri kama mtu wa biashara. Ndugu yake, 1NZ-FE, yumo ndani ya Vitz, Spacio, Ist, Probox na Premio za 1.5. Ukija kwangu saa mbili asubuhi unataka gaskit, saa mbili na robo unayo mkononi, na utachagua: mpya, ya Dubai, au iliyotoka kwenye injini ya Japani. Bushi za wishboni, mipira ya stabilaiza, shokapu, beringi za magurudumu, vyote vinaishi mtaa mmoja na vya Vitz. Njoo na gari la platifomu mpya, ile ya TNGA iliyoanza na Prius ya mwisho wa 2015, uone nitakavyokuambia "acha namba ya simu". Kwetu sisi platifomu kuukuu ni kama barabara ya zamani, kila kona ina duka.

Na usidhani ni Axio peke yake. Vuka Busia uitazame Probox ya wenzetu wa Kenya. Ilizaliwa 2002. Mwaka 2014 wakaibadilisha sehemu ya mbele wakaiweka ya kisasa, nyuma wakaacha kama ilivyokuwa, na 2018 wakaipa haibridi. Gari la kubebea mboga! Nissan nao Note yao ilikuwa sokoni tangu 2012, platifomu yake ya March ya 2010, na Novemba 2016 wakaitoa ya e-Power, ambayo injini haigusi magurudumu, kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Premio yako wewe ndiyo haikuwahi kupewa haibridi mpaka inastaafu 2021. Ningefurahi wangeipa.

Nisiwe wakala wa bondi lakini. Gari lina udhaifu wake. Nyuma kuna boriti moja inayounganisha magurudumu mawili. Upande mmoja ukiingia shimoni, upande wa pili unapata habari. Gari ni jembamba, na kwenye barabara ya Entebbe ya kulipia ukifika mia na ishirini utasikia upepo na matairi, Premio yako imetulia zaidi. Na chuma cha kupokea ajali, hapo sikudanganyi, bodi mpya zimepigiwa hesabu mpya. Corolla ya Japani ya 2019 ina upana wa 1,745, ngumu zaidi, imekaa chini zaidi. Lakini hata ilipotoka hiyo, Japani yenyewe iliendelea kuuza Axio pembeni kwa makampuni na wazee waliotaka kitu kinachoingia gerejini mwao. Kama ingekuwa imekatika kiuno, Mjapani angeshaizika.

Itakayokuua siyo platifomu. Ni vumbi. Betri inapozwa kwa feni, na feni inavuta hewa ya humu humu ndani mnamokaa, kupitia tundu pembeni ya kiti cha nyuma. Abiria wako wataegemeza begi pale, wataziba. Mtu akisafiri na madirisha wazi njia ya udongo, chujio linajaa. Mteja mmoja alikuwa anabeba mbwa. Nilipofungua ile feni nilitoa kitu kama kofia ya manyoya, betri ilikuwa imechemka na moduli nne zimevimba. Alikuja analaani Wajapani.

Kabla hujalipa: inua kiti, fungua feni, tia tochi. Kisha lete nipime moduli zote ishirini chini ya mzigo. Ikiwa moja inashuka wakati wenzake wamesimama, hiyo bei irudi mezani.

Mwalimu_Arua

Naunga mkono Fundi, ila nina la kwangu. Nina Fielder ya haibridi, hiyo hiyo Axio yenye mgongo mrefu, mwaka wa tatu sasa. Kila likizo nakwenda Kampala na kurudi. Kupitia Karuma na Pakwach ni karibu kilomita 500, na safari ndefu hainipi maajabu mnayosikia. Lami imenyooka, injini inafanya kazi muda wote, napata kilomita kumi na nane hivi kwa lita. Kampala mjini, kwenye foleni ya Wandegeya, ndiyo inanipa ishirini na mbili. Watu wanafikiri ni kinyume. Kaka Spesho, wewe unayekaa foleni kutwa ndiye uliyetengenezewa kitu hiki.

Breki, pedi za mbele sijabadilisha tangu ninunue, kwa sababu unapoachia mafuta mota yenyewe inashika gari na kurudisha umeme.

Kosa nililofanya ni kuliinua. Nilimsikiliza mtu aliyeniambia gari liko chini mno kwa barabara za kijijini, akaniwekea spesa, vipande vya kuinulia gari juu ya springi, mbele nene kuliko nyuma. Mwezi wa nne ekseli za mbele zikaanza kugonga nikikata kona, tak tak tak, kwa sababu pembe yake ilikuwa imebadilika. Nikatoa zile spesa, nikaweka springi imara kidogo nyuma, basi. Hilo nalo ni jibu kuhusu platifomu. Waliyoichora wameichora na kimo chake, ukiilazimisha kuwa Prado italipiza.

Na chini ya sakafu kuna waya za rangi ya machungwa. Vijana wa kuosha magari wakitaka kupandisha jeki, simama hapo hapo uwaoneshe mahali. Mimi hukaa na kitabu cha kusahihisha pembeni, lakini macho yako kwenye jeki.

Mtu_wa_Kiwandani_Jinja

Mmesahau kwamba sisi wenyewe tulishajaribu kutengeneza saluni ya haibridi kuanzia sifuri. Kiira EV Smack, 2014, viti vitano, kazi iliyoanzia Makerere na ile Kiira EV ndogo ya 2011. Niliiona kwa macho, nikagusa boneti. Leo Kiira Motors wanaunda mabasi ya umeme ya Kayoola na kiwanda kiko hapa kwetu Jinja, saluni haikufika dukani. Siwalaumu. Kuchora sakafu mpya, kuigongesha ukutani mara kadhaa, kutengeneza kalibu za kukandia chuma, hiyo ni pesa ya serikali kadhaa. Mabasi unauza mia na kazi inaonekana. Saluni lazima uuze malaki. Ndiyo maana kampuni zenye kila kitu bado zinarudi kwenye sakafu ya zamani. Mzee wa Benzi, hata hiyo ya kwako ya dizeli, chini yake walitumia kwa miaka na kwa bodi tofauti tofauti. Mbona hukuiita bibi?

Mzee_wa_Benzi

Benzi ni bibi wa ukoo. Endeleeni.

Spesho_Ntinda

Fundi, mwalimu, nashukuru sana. Nimemsomea shemeji, amesema "huyo Fundi anauza gaskit za Vitz." Swali moja kabla sijakwenda. Mzee wa Benzi amesema betri ikifa natupa gari. Kweli?

Fundi_Nakivubo

Gaskit nauza, sikatai, mwambie naye aje nampunguzia.

Hutupi gari. Unaweza kubadilisha moduli mbovu peke yake, na wengi wanafanya hivyo, ila mimi sikushauri kwa kazi ya spesho. Moduli moja mpya kati ya kumi na tisa zilizochoka ni kama kumtia mchezaji wa miaka ishirini kwenye timu ya wazee, atakimbia peke yake, na mwezi wa tatu anaanguka mwingine. Ikifika huko nunua pakiti nzima. Weka akiba kuanzia leo, kila wiki, kutoka kwenye petroli usiyonunua. Hayo ni mahesabu yako na mkeo. Kumbuka pia gari hili halina stata wala alternata, na kompresa ya hewa baridi inazungushwa na umeme, haina mkanda. Vitu ulivyozoea kunipigia simu kuhusu Premio, nusu yake havimo humu. Ila maji ya kupoza inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, yana kopo lake tofauti na ya injini. Vijana wengi wanajaza moja wanasahau la pili. Wewe usisahau.

Spesho_Ntinda

Nimerudi. Nilikwenda bondi jana na tochi ya simu na bisibisi.

Ile nyeupe, nilipoinua kiti yule kijana akaacha kucheka. Chujio lilikuwa jeusi tii, na ndani ya feni mna nywele, sijui za mbwa sijui za nani, na kipande cha karatasi ya pipi yenye maandishi ya Kijapani. Chini ya zulia la nyuma nikagusa, unyevu. Kijana akasema ni maji ya kuoshea. Nikamwambia, mimi nimelelewa kambini, najua harufu ya kiatu cha buti kilicholala ndani ya maji. Akashusha hadi milioni 38 bila mimi kuomba. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Mstari wa nyuma palikuwa na nyingine, ya fedha, 2016, ina mkwaruzo mrefu mlango wa kushoto na watu wanaipita kwa sababu hiyo. Feni safi, zulia kavu, kopo la inveta limejaa, waya za machungwa hazina jeraha. Wanataka 44. Nimewaambia milango haiendeshi gari lakini mkwaruzo una bei, tumefika 41 na nusu kwa sharti ipimwe kwanza. Fundi, kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwako na dereva wa bondi. Shemeji naye anakuja, anasema anataka kuona hizo moduli ishirini kwa macho yake.

Buti nimelipima kwa kamba aliyonipa mke wangu, ameifunga fundo mahali gunia la viazi linapofika. Gunia mbili zimelala chali na kifuniko kimefunga.